Shuka Lililofuliwa kwa Shukrani

Wifi yangu huwapika kome halafu hawali. Utani huo ulikuwa wa shemeji yangu, kitindamimba wa kwao mume wangu, na hakuna likizo aliyokuja nyumbani bila kuurudia. Ni yeye aliyembandika dada yake jina la Mpishi, likamganda. Yeye mwenyewe alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma kwenye karakana ya meli, mji wa mbali, na kwa kazi hiyo tulimwita Cheche. Mpishi alikuwa akimjibu kwamba angalau kome hawamtoboi nguo.

Kazini kwa Mpishi, maabara ya viumbe vya baharini, nilifika mara moja tu, kumpelekea funguo alizosahau. Ni chumba kirefu chenye ubaridi, matangi ya kioo yamepangwa ukutani, pampu zinanguruma, na kome weusi, wale wenye magamba mawili, wamejishikiza kwenye vigae ndani ya maji ya bahari. Akaanza kunieleza, na mtu yule akianza kueleza kazi yake huna pa kukimbilia. Ndani ya kila kiumbe, alisema, kuna protini, nyuzi ndogo mno zisizoonekana kwa macho, kila moja imekunjwa kwa namna yake, na ikikunjuka haifanyi kazi tena. Maji yakipata joto la kupita kiasi, nyuzi hizo hukunjuka na kugandamana, kama ute wa yai ukiingia kwenye mafuta ya moto. Ukimtoa kome kwenye maji yake ukamtosa moja kwa moja kwenye maji ya moto, baada ya muda gamba linaachama, basi, amekufa.

Lakini ukimpandishia joto kidogo kidogo, na katikati ukamrudisha kwenye maji ya baridi apumzike, mwili wake unapata nafasi ya kutengeneza protini nyingine, za ulinzi. Hizo huzishika zile zilizokunjuka na kuzisaidia kujikunja upya. Kome huyo baadaye unamtia kwenye joto lile lile lililowaua wenzake, naye anaishi. Anakonda, alisema, kwa sababu chakula cha kukuza mwili kimeliwa na ulinzi, lakini hilo lilikuwa swali la watu wengine. Yeye alikuwa anaangalia nani kafa na nani hajafa.

Simu ya msiba ilimkuta mume wangu asubuhi, anafunga kamba za viatu. Cheche alikuwa ameingia ndani ya tangi la mafuta la meli kuchomelea ufa. Waliambiwa tangi limesafishwa, kumbe bado lilikuwa na mvuke. Alipowasha moto wake, likalipuka. Hakuteseka, walisema, na sisi tulilishikilia neno hilo kwa sababu hatukuwa na lingine la kushika. Mwili ungebaki huko mpaka uchunguzi wa ajali uishe.

Shida ilikuwa Mama. Mama mkwe wangu ndiyo kwanza alikuwa ametoka hospitali, moyo wake umechoka, na daktari alituonya tumwepushe na habari za ghafla. Mume wangu alituita jikoni, mimi, Mpishi na mama mdogo, ambaye ni mdogo wake Mama. Tulifunga mlango, tukafungua bomba la maji, tukalia chini ya sauti ya maji ili mgonjwa asisikie.

Mama mdogo alitaka dada yake aambiwe siku ile ile, daktari akiwa pembeni. Mume wangu alitaka asiambiwe chochote mpaka mwili ufike. Mpishi alijifuta uso kwa kitambaa cha vyombo akasema wote wawili wangemuua.

"Leo tumwambie ana homa," alisema. "Kesho amelazwa. Tukimpandishia taratibu, akifika kwenye neno lenyewe atakuwa na nguvu ya kulibeba. Nimeliona hili kwa macho yangu."

Mama mdogo akasema dada yake si kome. Kusema kweli mpango ule ulipita kwa sababu kila mmoja wetu alikuwa anaogopa kuingia chumba kile, na sasa tulikuwa tumepewa ruhusa ya kuchelewa, tena ya kisomi. Hata mimi, ambaye ulimi wangu haujui likizo, niliufyata.

Kila jioni Mpishi alirudi kutoka kazini, akanawa mikono, akaketi ukingoni mwa kitanda na kumshika mama yake mkono. Ukiwatazama ungesema ni mapenzi, na yalikuwa mapenzi, lakini vidole vyake vilikuwa kwenye mshipa, anahesabu. Jioni ya kwanza akampa homa. Mama akauliza nani anampikia uji huko, akataka kumpigia, akaambiwa simu ya Cheche imeharibika. Jioni ya pili akampa hospitali. Mama akaagiza begi lake lishushwe juu ya kabati, kwamba anasafiri, na mume wangu ilibidi amwombe asiende, kama anayembembeleza mtoto. Jioni ya tatu Mpishi alimwambia kwamba hali si nzuri, hazungumzi.

Mama hakula usiku huo, wala asubuhi, wala mchana. Alilala akiuangalia ukuta, na tulipomsemesha alijibu kwa kichwa tu. Mpishi aliporudi akamshika mkono, nikaona midomo yake inahesabu, kisha ikaacha kuhesabu. Aliogopa. Ndipo akasema jambo ambalo hatukukubaliana.

"Leo amefumbua macho, mama."

Mama aligeuka, akainuka, akaomba chai. Mimi nilimvuta wifi yangu mpaka jikoni nikamwuliza hayo macho ameyapata wapi. Akanijibu kwamba Mama lazima apumzike kidogo kabla ya kupanda tena, kwamba kome wasiporudishwa kwenye maji ya baridi hawavuki. Aliyasema kwa sauti yake ya kazini huku akifungua bomba ili Mama asisikie. Nilimchukia na kumhurumia kwa wakati mmoja, na mpaka leo sijui kipi kilizidi.

Asubuhi iliyofuata Mama aliamka kabla yetu sote. Nilimkuta kwenye chumba cha Cheche, amefungua madirisha, amevua kitanda mashuka, ameyaloweka. Nikamwambia aniachie mimi nifue, akaniambia nisimnyime raha yake. Aliniruhusu kukamua tu. Tulishika shuka huku na huku, yeye anasokota kulia, mimi kushoto, maji yanatumwagikia miguuni, naye anacheka kwamba mwanawe akitoka hospitali atalala mpaka kitanda kimchoke. Aliimba. Kisha akasimama na shuka bichi mikononi akamshukuru Mungu kwa sauti, kwa jina la Cheche, kwa macho yaliyofumbuka. Nikasema amina.

Mchana ikaja simu: uchunguzi umekwisha, mwili unasafirishwa na utafika kesho. Hapakuwa tena na muda wa kupandisha wala kushusha. Mpishi aliingia chumbani na nguo za kazini, akaketi, akaushika mkono wa mama yake. Sisi tulisimama mlangoni.

"Mama, Cheche amefariki."

Vidole vya Mpishi havikutoka kwenye mshipa, na nikauona uso wake unalegea. Moyo ulikuwa unakwenda. Nadhani kwa muda mfupi aliamini kwamba amemvusha. Kisha Mama akauondoa mkono wake.

"Lini?"

"Siku ile niliyokuambia ana homa."

Mama alirudi nyuma kimawazo, taratibu, kama mtu anayeitafuta njiani hela iliyomdondoka. Alipofika, alimtazama bintiye usoni.

"Na jana alipofumbua macho, alikuwa wapi?"

Mpishi alimtazama kaka yake, akamtazama mama mdogo, akanitazama mimi. Hakuna aliyemwokoa.

"Chumba cha maiti, mama."

"Nilimshukuru Mungu," Mama akasema. Hakupaza sauti. "Nilifua nikiimba. Mwanangu amekufa mara moja, wewe umeniulia kila jioni. Na jana ukamfufua, ili leo umuue tena."

"Nilitaka uishi."

"Ninaishi. Haya, niambie upya. Anzia mwanzo, useme kwa mkupuo, na usinipumzishe."

Mpishi akamwambia. Tangi, ufa, mvuke, moto, yote, na jinsi tulivyofungua bomba jikoni tulie bila kusikika. Mama alisikiliza macho wazi mpaka mwisho, halafu akalia kilio kilichotikisa kitanda, na sisi tukalia naye, kwa sauti, kwa mara ya kwanza tangu msiba ututokee. Moyo wake haukusimama. Daktari alipokuja alisema anaendelea vizuri, ila amekonda sana kwa siku chache. Mpishi alitoka nje ya chumba aliposikia hivyo.

Mwili ulifika siku ya pili. Waliobeba waliuliza alazwe wapi, Mama akawaonyesha chumba cha Cheche. Mashuka yalikuwa yamekauka tangu jana, na mume wangu alianza kusema yabadilishwe, yaletwe mengine. Mama akamkatisha. Alikuwa amefua kwa ajili ya Cheche, akasema, na Cheche amekuja.

Aliyachukua mwenyewe akaanza kutandika. Kitanda kilikuwa kipana kwa mtu mmoja. Nilisogea nimsaidie, akanizuia kwa mkono. Wifi yangu alikuwa kwenye korido, ameegemea ukuta, hathubutu kuvuka kizingiti.

"Mpishi," Mama akaita, kwa jina lile alilobandikwa na marehemu. "Moyo wangu umeuhesabu vya kutosha. Njoo ushike upande ule."

Akaingia. Akaishika ncha ya shuka, wakavuta kila mmoja upande wake mpaka likanyooka.