Mgebuka wa Siku za Mbalamwezi

Frida alimsema wifi yake kwenye simu, na kwa bahati mbaya simu ya Dismasi ilikuwa imewekwa sauti ya juu.

"Mama akakae kwa yule mwenye mkono wa birika? Mwezi mmoja tu atabaki mifupa. Apelekwe kwa kaka Wilfred, kule kuna friji na nyama."

Regina alikuwa jikoni, hatua tatu kutoka alipokaa mumewe, na hakuna neno lililompita. Dismasi alikata simu haraka, akajidai anatafuta patasi yake chini ya kiti. Patasi ilikuwa mezani. Mwanaume huyo anaunda boti pale Kibirizi na mbao ngumu haimpigi chenga, ila maneno ya dada yake humtoa jasho.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Mama yao, Bi Rozalia, alikuwa amebaki peke yake Kidahwe tangu mzee afariki, na magoti yalikuwa yamemchosha. Watoto wake watatu walikubaliana ahamie mjini. Katika ukoo wao mama huzeekea kwa kitinda mimba, na kitinda mimba ni Dismasi. Kwa hiyo mama akienda kwingine, ukoo mzima utajua kwamba amekataa kupikiwa na Regina, na utajua kwa nini. Regina alimpenda mama mkwe wake, lakini tuseme ukweli, jina lake nalo alilipenda.

Na tusimung'unye maneno: Regina alikuwa anabana. Ila alibana kwa akili. Kila mtu wa Ujiji anajua kwamba dagaa huvuliwa kwa taa wakati wa giza, na mbalamwezi ikiwaka wavuvi hupandisha mitumbwi, nyavu zinapumzika, na dagaa sokoni wanapanda bei kama wamesoma. Wote wanajua, lakini ni wangapi wanaojiandaa? Regina siku za giza alikuwa ufukweni kabla jua halijachomoza, ananunua dagaa wabichi wakati wanauzwa kwa bei ya bure, anawaanika mwenyewe juu ya chanja yenye wavu, siyo mchangani. Maharage aliyafuata Kalinzi wakati wa mavuno. Mawese aliyanunua kwa dumu wakati yamejaa, na yaliyochacha aliyageuza sabuni. Makaa yaliyobaki baada ya kupika aliyafukia kwenye majivu, kesho yakawaka tena. Mbalamwezi ikifika, wale wale waliomcheka walimjia na vibakuli.

Kwa ubanaji huo watoto wake watatu hawakuwahi kurudishwa nyumbani kwa kukosa mchango, na nyumba wanayolala ni yao, ina bati mpaka jikoni. Regina hakujisifu kwa watu. Moyoni, hata hivyo, alijisifu kila siku.

Ndugu waliamua mama akae wiki moja kwa Wilfred, mtaa wa Mwanga pale mjini, kwenye nyumba ya juu ya duka lake la simu, kisha wiki moja kwa Dismasi. Jumapili itakayofuata wote wakutane, naye aseme mwenyewe anataka kubaki wapi. Wiki ya kwanza ikapita. Ya pili ilipoanza, mwezi ulikuwa mpevu, mweupe juu ya ziwa, na Kibirizi hapakuwa na hata mtumbwi mmoja wa dagaa uliotoka.

Bi Rozalia alishuka kwenye bajaji akiwa na kifurushi kimoja na fimbo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Mama Yona. Mwakeye?" Alimjulia hali kwa Kiha huku akimtazama mkwewe juu mpaka chini. "Umenenepa. Vizuri."

Hapo ndipo Regina alipokosea, na alikosea kwa sababu maneno ya Frida yalikuwa bado yanamwasha masikioni. Stoo ilikuwa imejaa, lakini aliiona stoo hiyo kwa macho ya wifi yake: dagaa, maharage, dagaa tena. Akachukua hela aliyoitenga kwa dumu la mawese la msimu ule, akaenda sokoni. Akanunua samaki watatu wabichi aina ya mgebuka, ambao siku hizo wanapatikana kwa nadra na wanauzwa kama dhahabu. Akaongeza mchele mzuri na soda. Muuza samaki mwenyewe, aliyemjua Regina miaka kumi, alimuuliza kama kuna msiba.

Dismasi alipoona meza alishangaa. Watoto hawakushangaa, walikula. Bi Rozalia alisali, akamega, akala vipande viwili. Kisha akaweka mkono kando ya sahani.

"Huyu mgebuka mmemtoa wapi, na mwezi uko vile?"

"Sokoni, mama," Regina alijibu.

"Bei gani?"

Regina alitaja nusu ya bei. Bi Rozalia hakubishana. Alinawa mkono, taratibu, kidole kwa kidole, na samaki akiwa bado amejaa sahanini.

"Mimi nimezaliwa Mwamgongo," alisema. "Baba yangu alikuwa mvuvi. Siku kama hizi alikaa chini anashona nyavu, na sisi tulikula tulichokausha wakati wa giza. Mama yangu angemwona mtu ananunua mgebuka mbalamwezi ikiwaka, angeuliza huyo mtu ana nyumba au ana hoteli." Akapumua. "Kule kwa Wilfred nimekula nyama siku nne. Ya tano gesi ikaisha, tukala chipsi za kwenye mfuko. Ya sita tena chipsi. Ya saba mkewe akaenda kwa jirani kukopa unga. Nilimsikiliza Frida anakusema, Mama Yona, anakuita bahili mbele ya watu, na mimi nikafurahi kimoyomoyo. Nikasema, Mungu ashukuriwe, angalau kwa Dismasi kuna mwenye nyumba. Nimekuja nikukute ulivyo. Kumbe na wewe ni walewale."

Regina alihisi uso unawaka. Ameitwa bahili miaka yote na hakuwahi kulia. Leo ameitwa mfujaji, ndani ya nyumba yake, na machozi yalikuja yenyewe. Yalikuwa machozi ya hasira, na hasira hiyo alijielekezea mwenyewe.

"Mama, nisamehe," alisema. "Bei niliyotaja siyo. Ni mara mbili yake. Na hela hiyo ilikuwa ya mawese. Niliogopa mtasema nawalisha dagaa."

"Dagaa gani?"

"Njoo uone."

Alimshika mkono, akampeleka stoo. Dismasi akafuata nyuma, hakuna aliyemwita. Regina alifungua ndoo moja baada ya nyingine na sauti yake ikawa inapanda kadiri anavyoonyesha. Dagaa hawa wa giza lililopita. Hawa wa giza la kabla yake, amewapanga hivyo ili wa zamani watangulie kuliwa. Maharage haya ya Kalinzi, atafika nayo mavuno mengine. Madumu haya ya mawese, lile la mwisho ni tupu kwa sababu ya mgebuka. Sabuni hizi alizipika mwenyewe. Alipomaliza, mgongo wake ulikuwa umenyooka, na hakuwa na haja tena ya kusifiwa na mtu.

Bi Rozalia hakusifu. Alichukua dagaa mmoja mkavu, akamtia mdomoni, akamtafuna kwa meno ya mbele akitafuta mchanga. Hakuupata. Akachukua punje ya maharage akaing'ata, ikagoma kama jiwe. Akanusa sabuni. Akagonga dumu la tatu kwa fimbo kusikia limejaa kiasi gani.

"Kesho unipikie hawa," alisema, akionyesha ndoo ya dagaa. "Uweke mawese na nyanya chungu. Yule mgebuka aliyebaki akaushwe, asitupwe."

"Mama, hautupwi hata mwiba," Dismasi akasema, na ilikuwa mara yake ya kwanza kumtetea mkewe mbele ya mtu wa kwao. Regina alimtazama, akaona naye anatabasamu kama mtu aliyeshinda kesi.

Wiki nzima walikula dagaa na maharage, na Bi Rozalia alikula kama mtu aliyetoka shamba. Siku ya nne alikuwa amekaa jikoni juu ya kigoda, anakosoa jinsi makaa yanavyofukiwa. Regina hakukasirika. Alifukia alivyoelekezwa, na kesho yake makaa yalibaki mengi zaidi.

Jumapili walikuja wote. Wilfred alileta keki ya dukani na Frida alileta mdomo wake. Hata kabla ya kukaa, Frida aliuliza mama amekonda kiasi gani. Bi Rozalia alimwacha amalize, akaweka fimbo magotini.

"Nabaki hapa," alisema. "Na siyo kwa sababu Dismasi ni kitinda mimba. Nabaki kwa sababu ya huyu mke wake. Wewe Frida umemwita mkono wa birika mbele ya ukoo. Mbele ya ukoo huohuo uje ukaone stoo yake, halafu urudi kwako uangalie yako."

Wilfred, ambaye hana roho mbaya, alikohoa akasema basi yeye atanunua kitanda kipya cha mama, cha chuma, na atakodi gari zima la kuleta vitu vyake kutoka Kidahwe, asiwe na wasiwasi wa gharama.

Wote wakamgeukia Regina ili wamshukuru Wilfred pamoja naye. Siku nyingine angeshukuru na kunyamaza, ili asionekane bahili. Leo alikaa sawasawa kwenye kiti chake.

"Shemeji, ahsante, lakini kitanda cha mama kule Kidahwe ni cha mninga, hakina ubovu," alisema. "Na gari usikodi. Fuso ya jirani yetu Alphonce hurudi tupu kutoka Kasulu kila Jumanne na inapita palepale Kidahwe. Nitaongea naye, atatutoza nusu."

Frida aliinama akatazama sakafu. Bi Rozalia alimgonga Dismasi begani kwa fimbo.

"Umesikia?" alimwambia. "Jumanne."