Mpeleka Dawa Hutangulia Kunywa

Mdogo wa mume wa mshonaji aliingia bila hodi, kama mtu anayedhani mlango ni wa kaka yake peke yake. Mkononi alikuwa na chupa iliyobandikwa karatasi: *Dawa ya Asili ya Ukoo. Hutibu Virusi Vyote.* Mtaani walimwita Daktari Chupa, naye, masikini ya Mungu, alidhani anasifiwa.

Mshonaji alisimamisha cherehani. Nyuma ya pazia alilala mumewe, fundi baiskeli, macho ya manjano kama kiini cha yai. Zahanati walishasema ni virusi vya ini, aende hospitali haraka. Amegoma. Anangoja tiba ya mdogo wake.

"Shemeji, mbona umenuna? Nimeleta majani ya mama."

"Mama mkwe alituchemshia majani hayo kwa mafua, tukajifunika shuka tukavuta mvuke. Hakuna aliyeyanywa. Yalipanda cheo lini?"

"Utafiti, shemeji."

"Wa nani?"

"Wangu."

Mshonaji alimtazama juu mpaka chini. Mtafiti mwenyewe soksi moja nyeusi, moja ya kahawia. Ya pili bado anaitafiti.

"Mke wangu, mwache ndugu yangu," sauti ikatoka kitandani. "Mimina ninywe."

Mshonaji alijua akibisha, mume atakunywa kwa ukaidi tu. Akaleta kikombe, akakijaza, akamkabidhi Daktari Chupa mbele ya kitanda.

"Tangulia."

Katika ukoo ule hata mtoto alijua: mpeleka dawa hutangulia yeye, mgonjwa akimwona. Ya kufukiza, mama mkwe alijifukiza kwanza. Ya kunywa, alimeza funda zima. Mwanawe alirithi majani, sharti akaliacha kaburini.

Daktari Chupa alilowesha midomo.

"Meza," alisema mshonaji.

"Mimi mzima, shemeji."

"Mama naye alikuwa mzima."

"Nimetoka kula."

"Vizuri. Haitakukuta na njaa."

Fundi baiskeli alijiinua kwa kiwiko. "Kunywa, mdogo wangu. Kama mama."

Mdogo mtu alikichungulia kikombe kama kisima chenye mamba. Alikohoa. Alipapasa mfukoni kutafuta simu ambayo haikuita.

"Kaka, unajua hii... hii mimi huwa natengenezea wateja."

Kaka alimtazama kwa yale macho ya manjano mpaka mwenzake akaweka kikombe chini taratibu, kama bomu.

"Mke wangu," alisema fundi, "niletee viatu."

Hospitali walimlaza, na kabla ya jina wakamuuliza kama amekunywa mitishamba yoyote.

"Nusura," akajibu. "Aliyeileta aliiogopa."

Chupa ilibaki nyumbani. Mshonaji aliimwaga, akaisuuza, akaijaza mafuta ya cherehani. Karatasi hakuibandua. Na haki ya mtu mpe: tangu hapo cherehani ile haijashikwa na kirusi hata kimoja.