Mpira Uliokuwa Ukienda Kulia

Mwaka ule tuliambiwa kwamba mji wetu mdogo wa Inverlathie hauwezi tena kubeba makanisa mawili. Kanisa la Juu, ambako nimeabudu tangu kubatizwa, na Kanisa la Bandarini, lililo hatua mia nne kutoka kwetu, yangeungana chini ya mchungaji mmoja, na jengo moja lingeuzwa. Mchungaji alipatikana upesi: Shona Tulloch, mama mwenye moyo mwema na maombi marefu. Jengo ndilo lililotushinda. Wazee wa pande zote mbili walikaa vikao sita, na katika kile cha sita mtu alimwaga chai makusudi.

Kupiga kura kulikataliwa, kwa kuwa kila upande ulishahesabu watu wake. Kurusha sarafu kulikataliwa, kwa kuwa ni kamari. Ndipo Mzee Hendry Pattullo wa Bandarini, mwenye miaka themanini na mmoja, akasema, "Basi tucheze."

Hakuna aliyeuliza tucheze nini. Pale ufukweni tuna kiwanja cha nyasi fupi chenye mashimo kumi na nane, ambako mpira wa gofu haurushwi mbali. Unausukuma taratibu kwa fimbo mpaka utumbukie. Watu wanne kila upande, mipigo yote ijumlishwe, wenye michache wabaki na jengo lao. Tukilingana, libaki jengo kongwe, yaani la kwao.

Upande wetu walipatikana watatu. Wa nne nikawa mimi, Netta Birrell, kwa sababu nilikuwa na magoti mazima. Nilikuwa na miaka sitini na mmoja na sikuwahi kushika fimbo ile. Lakini katika Kanisa la Juu niliolewa, na humo humo nikamuaga mume wangu. Sikutaka kuliona limegeuzwa duka la mazulia.

Kwa hiyo nikajiandikisha masomo ya jioni. Kila Jumanne, katika ukumbi wa shule, Rab Imrie, ambaye ni seremala, alifundisha watu kulenga. Rab haingii kanisani ila kwa mazishi, na hata hapo hukaa karibu na mlango.

"Dada Netta," aliniambia siku ya kwanza, "mikono yako haina neno. Kila mtu analaumu mikono. Shida ni kwamba mtu anadhani ameelekea shimo, kumbe ameelekea kwa muuza samaki."

Alinyoosha uzi wenye chaki sakafuni, akanifundisha. Usilenge shimo, liko mbali mno. Chagua alama iliyo shubiri moja tu mbele ya mpira. Weka uso wa fimbo sawa na alama hiyo, kama unavyokalisha mlango kwenye fremu. Miguu ifuate baadaye. Macho yawe juu ya mpira. Baada ya wiki tatu, katika mipira kumi niliingiza tisa ndani ya kikombe cha chai kilicholazwa sakafuni. Nilitembea kwenda nyumbani nikijiona mtu wa maana.

Kiwanjani, kulia. Kila mpira, kulia. Si mbali, upana wa vidole vitatu, lakini shimo halijali ni vitatu au thelathini. Watu wa Bandarini wakaanza kuja kunitazama na chipsi zao mkononi.

"Netta! Shimo liko huku!"

"Mwacheni, mama wa watu anakwepa fuko aliye shimoni asimgonge kichwa!"

Nilizidisha maombi. Kadiri nilivyoomba, ndivyo mpira ulivyokwenda kulia. Nikaanza kuogopa kwamba Mungu ameshaamua, na ameamua Bandarini. Nilikisoma kitabu chote cha Ayubu, na hakikunisaidia kulenga.

Mwishowe nikamwita Rab. Alikuja na nguo zake za kazi, akalala kifudifudi nyuma yangu kwenye nyasi.

"Haya, piga."

Nikapiga. Kulia.

"Tena." Kulia tena. Akainua kichwa. "Dada, kabla hujapiga unafanya nini?"

"Nalenga, kama ulivyonifundisha."

"Najua. Na ukishalenga?"

"Naomba."

"Umefumba macho?"

"Sasa wewe, mtu anaombaje amekodoa macho?"

"Basi ndiyo hiyo! Ukifumba tu, kisigino kinarudi nyuma, na uso wa fimbo unafunguka kama mlango wenye bawaba mbovu. Kule ukumbini huombi?"

"Kule ni mazoezi. Siwezi kumsumbua Mungu kwa ajili ya kikombe."

Rab alilaza uso kwenye nyasi, na mabega yake yakatikisika kwa muda. "Basi omba kwanza," alisema alipoweza. "Ukisema amina, ndipo ulenge. Ukishalenga, usiongee na mtu. Hata Yeye."

Nililitafakari neno hilo siku mbili, maana kufundishwa kuomba na Rab Imrie si jambo dogo. Lakini sikuona andiko linalokataza. Siku ya tatu niliomba nikiwa bado nimesimama kando, kisha nikalenga, na mpira ukaingia. Wa pili ukaingia. Nilikaa kwenye benchi nikaona haya, kwa yote niliyokuwa nimemsingizia Mungu.

Jumamosi ya mechi upepo ulikuwa wa wastani, yaani kofia mbili tu zilikwenda baharini. Mzee Pattullo ndiye niliyepangiwa. Mzee alicheza vizuri, na mdomo wake ulicheza vizuri zaidi.

"Binti, hilo jengo lenu lina baridi. Mkihamia kwetu mtapona mafua."

"Kwenu kunanuka samaki, Mzee."

"Hiyo ndiyo harufu ya mitume!"

Tulifika shimo la mwisho. Wengine wote walikuwa wamemaliza, na mzee naye akatumbukiza wake. Waliokuwa wakiandika mipigo wakajumlisha, wakatangaza: nikiingiza, tunashinda kwa mpigo mmoja. Nikikosa, tumelingana, na kanisa letu linauzwa. Ulikuwa umebaki mwendo wa hatua mbili.

Niliomba kando. Amina. Nikachagua alama, jani la klova. Nikaweka fimbo, nikapanga miguu. Nilikuwa tayari kabisa.

"Ndugu zangu," akasema Mchungaji Shona, kwa moyo wake wote mwema, "kabla ya mpigo huu, na tuinamishe vichwa."

Watu arobaini wakainamisha vichwa na kufumba macho. Kichwa changu kilikuwa kimeshainama. Macho ndiyo yalibaki. Tangu utotoni sijawahi kuyaacha wazi katika maombi, nami niliyaacha wazi, nikalikazia lile jani. Mchungaji alishukuru kwa hali ya hewa. Aliwaombea wagonjwa, mabaharia, na waliotengeneza keki. Machozi yalinijaa kwa upepo. Pembeni ya jicho niliona viatu vya wacha Mungu wote vikisogea kidogo kidogo, huku na huku. Viatu viwili tu havikusogea, vyenye vumbi la mbao.

"Amina," watu wakasema.

Nikapiga. Mpira ulipita juu ya jani, ukanyooka, ukazunguka mdomo wa shimo kama mgeni anayetafuta kengele, ukaingia.

Watu wetu walipiga kelele zisizofaa mbele ya mchungaji. Mzee Pattullo alinipa mkono wake wa baridi.

"Siwezi kubishana na maombi yale," alisema. "Yamekuingizia mpira."

Nilifungua mdomo ili niseme ukweli. Nikamwona mchungaji akitabasamu kama aliyeupiga yeye. Nikaufunga.

Jumapili iliyofuata watu wa Bandarini walipanda kilima, kila mmoja na mto wake wa kukalia kwapani. Mzee Pattullo alikuja moja kwa moja kwenye kiti changu cha miaka hamsini, akaweka mto, akakaa.

"Mzee, hapo ni pangu."

"Jengo mmechukua, binti. Kiti niachie."

Kwaya ilikuwa imeshasimama. Nikamwambia asogee. Akasogea kidogo, kisha akauvuta mto katikati, ili nipate nusu.