Kinyonga na Matanga Yangu

Nyoka siogopi. Nimeshaua wawili kwa mwiko. Lakini kinyonga, jamani! Yale macho, moja linakutazama wewe, jingine linamtazama sijui nani. Nikimwona, miguu inaondoka kabla sijaiambia.

Sasa binamu yangu Sadick, mtengeneza filamu, akaja nyumbani Mlandizi na upole wa mtu anayeleta posa. "Dada Tunu, nimeandika filamu ya kutisha. Bibi harusi anaogopa kinyonga, mwisho anamshika kwa mkono wake. Nani ataiweza kama wewe?" Nikakubali palepale. Miaka minane nachezeshwa jirani, mchota maji, mpita njia! Safari hii mhusika mkuu. Nikautangazia mtaa mzima, hadi muuza mihogo.

Siku ya kipande cha mwisho tulikuwa kwenye shamba la mikorosho, Kisarawe. Nimevaa shela, nimepakwa wanja, mashallah. Sadick akaleta kinyonga juu ya kijiti. "Haya, dada, twende!"

Nikaenda kweli, mpaka barabarani, na shela langu. Mara ya pili nikapanda mkorosho. Mara ya tatu nilimrukia Sadick kwa woga, nikamkaba shingo mpaka akakosa pumzi. Naila, anayecheza mdogo wangu, alikuwa ameshaanza kulikodolea shela macho.

"Dada, jua linakwenda," Sadick akasema bila kunitazama usoni. "Ukishindwa tena, shela atavaa Naila." Roho iliniuma, we acha tu.

Hapo mpiga picha wetu, Fabian, akaiacha kamera. Fabian ni Mnyamwezi, mimi Mzaramo. Sisi ni watani, na mtani hakatazwi hata msibani. Akajifunga kanga yangu kiunoni, akajibwaga chini, akaangua kilio. "Uwiii! Tunu ametutoka! Mzaramo kauawa na mjusi! Mzikeni upesi, akimwona kinyonga hata maiti itakimbia!" Watu wakaitikia kilio huku wamejishika mbavu.

Nilicheka mpaka wanja ukanitiririka, na hasira ikanipanda hapohapo. Yaani nizikwe mchana kweupe, hivihivi naona? Nikampokonya Sadick kijiti. "Haya mtani, njoo uioshe maiti basi!"

Fabian akafumbua jicho, akakutana na kinyonga pua kwa pua. Mama yangu! Jitu zima likaruka, kanga ikabaki chini, likatokomea mikoroshoni likimwita mama yake. Nikalifukuza huku nacheka, mpaka pumzi ikaniishia nikasimama.

Kijiti kilikuwa kitupu. Kinyonga alikuwa ananipanda mkono, polepole, vidole vyake vimenibana ngozi. Moyo ulitaka kunitokea mdomoni. Nikamtazama, naye jicho moja akalileta kwangu. Nikabaki nimesimama.

Wenzangu walikuwa wamenifuata mbio. "Umepata picha?" nikamnong'oneza Sadick.

Akajishika kichwa. "Nani apige, dada? Mpiga picha si ndiye uliyemfukuza!"

Naila akasogea, mikono ameshainyoosha apokee shela. Nikamwambia aketi. Machozi yananitoka, kicheko kinanitoka, mkono bado nimeunyoosha na mnyama wake juu.

"Kamleteni Fabian," nikasema. "Tunarudia, na huyu hashuki mpaka nimalize."