Siti Iliyomshusha Mzee Luhaga

Wiki moja kabla ya kwenda kujitambulisha ukweni, mtu mwenye akili hununua shati. Nestory alinunua nguzo ya siti ya baiskeli. Ile ya zamani, akibonyeza kitufe cha kwenye usukani, ilishuka urefu wa kidole tu. Hii mpya ilizama shubiri nzima, tena bila sauti. Aliihitaji, maana kuteremka majabali ya Mwanza siti ikiwa juu ni kutafuta kung'oka meno.

Mzee Luhaga wa Buswelu, baba yake Teodora, mchumba wa Nestory, hakutaka hata kuyasikia hayo. Kwake baiskeli ni ya kubebea magunia ya mpunga, na mtu mzima anayepanda mlima ili ateremke tena ana walakini. Alikwisha kumkataa Nestory mara mbili kupitia kwa mshenga. Teodora alimwonya mwenzake kwamba katika ukoo wao akikataliwa mara ya tatu, basi, akatafute kwingine.

Siku ilipofika, Nestory aliwasili na baiskeli yake na mshenga wake, akaamkia, akaitikiwa kwa mbali. Mzee akaizunguka baiskeli iliyoegemezwa ukutani kama anayekagua ng'ombe wa mahari, akabinya matairi, akauliza karia ya kufungia mizigo iko wapi. Hapakuwa na karia. Akaguna, akaipanda aone ilivyo, akashika usukani, na kidole gumba kikatua pale pale kwenye kitufe.

Akashuka. Polepole, mbele ya wazee wanne na mashangazi wawili, mwenye mji alizama na kilo zake mia, macho yakitazama mbele.

Ukweni hakuchekwi. Na mwenye mji akishuka shubiri, mji mzima hauna budi kushuka shubiri. Hakuna aliyelisema, lakini lilitendeka. Nestory aliyekuwa amesimama akapiga magoti. Wazee wa kwenye viti wakahamia kwenye vigoda, wa kwenye vigoda wakahamia mkekani, na mashangazi wa mkekani wakaenda kukaa mavumbini.

Jirani yao Wilhelmina alikuwa anapita na ndoo yake. Alipoona watu wazima wamekaa chini kimya, mashangazi wamejaa vumbi, akatua ndoo, akajitanda khanga na kuangua kilio. Nusu saa haikuisha, majirani wakaingia na unga na kuni, na katekista Pius akafika na kitabu chake. Kila mtu aliuliza kwa kunong'ona ni nani aliyefariki. Wenyeji walitazama chini, kwa sababu jibu lingeanzia kwenye siti.

Mzee alibonyeza kitufe mara kumi, siti isiinuke, na kuteremka aliona ni kushindwa na baiskeli mbele za watu. Nestory peke yake ndiye aliyejua dawa: siti haipandi mpaka aliyeikalia anyanyue makalio huku amebonyeza. Sasa baba mkwe anaambiwaje habari za makalio yake? Akisema, amemkosa Teodora. Akinyamaza, mzee atabaki pale mpaka jua lizame, na atakaposhuka atakuwa na hasira ya kumfukuza yeye na mshenga wake. Nestory mwishowe akapata la kusema.

"Baba, watu wamekuja msibani. Tunaomba utusimamishe kwa sala. Ila hapo uliposhika, usipaachie."

Mzee akainuka, kidole kikiwa bado kwenye kitufe. Siti nayo ikainuka nyuma yake, ikamgusa kwa adabu. Pius akaombea roho asiyoijua, watu wakaitika amina, na mzee alipoachia kitufe na kuketi tena alikuwa juu, mahali pake. Mashangazi wakarudi mkekani, wazee vigodani, kisha vitini. Nestory peke yake ndiye aliyebaki amepiga magoti, maana hakuna aliyemwambia asimame.

Pius akafungua daftari, akamuuliza mwenye mji jina la marehemu. Mzee Luhaga alipapasa usukani, akamtazama kijana aliyekuwa miguuni pake.

"Andika mzee mmoja mbishi wa hapa hapa," alisema. "Alikuwa hataki kumtoa binti yake. Amefia kwenye siti hii, mchana huu."

Wilhelmina akafuta machozi, akauliza kama ilivyo desturi, je, marehemu ameacha nani?

"Ameacha mjane, binti, na mkwe mmoja."

Hapo Nestory alilia kuliko wafiwa wote.