Kona ya Migomba

Asubuhi ya kumwaga zege, Kibwana alikuwa ameshauzunguka mtaro wa msingi mara saba, na chai hajaionja. Wingu jeusi lilikuwa limejaa upande wa baharini. Fungu zima la zege lilikuwa limekwisha kuchanganywa, na vibarua walisimama wameegemea masepetu wakingoja neno lake. Mvua ikitangulia, kazi yote imeharibika.

Nyumba hii ndiyo iliyokuwa nguvu yake yote. Miaka thelathini ya malori, kulala juu ya magunia kule Samburu kando ya barabara kuu, kula anachokipata. Sasa magoti yamegoma, amerudi Msambweni kwenye kiwanja cha marehemu baba yao, ajenge mara moja, maana mara ya pili hana. Wala hakujenga kijinga. Mchanga aliuramba kwa ulimi wake mwenyewe, asije akauziwa wa pwani wenye chumvi ukamlia nondo. Ramani aliipandisha Kwale ikagongwa muhuri. Madirisha aliyaelekeza kwenye upepo wa kusi. Aliuliza kila mtu: fundi, imamu, hata muuza mabati wa Ukunda.

Kila mtu ila mmoja.

Huyo mmoja alikuwa ameketi barazani kwake, hatua ishirini kutoka hapo, na kikombe cha kahawa mkononi. Swabir, kaka yake mkubwa, tumbo moja. Mwaka wa saba huu hawasemezani. Mama yao alipofariki, Kibwana alikuwa njiani na lori. Alipiga simu akaomba wamngoje, Swabir akasema maiti hacheleweshwi. Alipofika kesho yake alikuta kaburi. Ndiyo sababu nyumba mpya alikuwa ameisukuma hadi kona ya mbali ya kiwanja, mlango uitazame barabara, mgongo umtazame Swabir. Kwenye kona hiyo palikuwa na migomba minene kuliko yote, mikungu yake ikigusa chini. "Udongo wa baraka huu," Kibwana alisema, akaikata.

Swabir alitua kikombe, akaja.

"Fundi Fondo," alisema, bila kumtupia jicho mdogo wake. "Mwambie mwenye nyumba amtoe yule kibarua aliye mtaroni, pale konani."

Fundi Fondo aligeuka. "Bwana Kibwana, kaka yako anasema..."

"Nimesikia, sina pamba masikioni. Mwambie hapa si maziko. Hapa mimi ndiye ninayeamua nani angojwe."

Vibarua waliinamisha nyuso. Fondo alikohoa. "Mzee Swabir, anasema..."

"Mwambie kona hiyo si ya kujengea."

"Mwambie ilikuwa nzuri miezi yote hii, imekuwa mbaya leo alipoona zege!"

"Mwambie alipoikata migomba nilimwita. Akafungulia redio hadi mwisho."

Kweli aliifungulia. Kibwana alikumbuka, na shingo ikamwasha. Lakini husuda ni husuda, alijiambia. Mtu hapendi kuona ukuta mpya umesimama mbele ya paa lake kuukuu.

"Wazee," alisema Mwero kutoka mtaroni, jitu la miraba minne, mtu wa Kinango, aliyekuwa akisawazisha kona ile ile. "Mkimaliza kupelekeana salamu mniambie, maana mimi huku..."

Hakumaliza. Chini ya miguu yake kitu kililia kama kitanda kibovu, naye akazama. Kiunoni. Kisha kifuani. Akabaki ameng'ang'ania ukingo kwa viwiko, macho yamemtoka.

"Sigusi chini," alisema kwa sauti ndogo. "Jamani, sigusi chini."

Kibwana alichupa, akashikwa kanzu kwa nyuma.

"Lala!" Swabir alikuwa keshajitupa kifudifudi. "Lala tumbo, Kibwana! Ukisimama mtakwenda wote!"

Alilala. Kidevu udongoni, bega kwa bega na kaka yake, alimkamata Mwero mkono mmoja, Swabir mwingine. Ardhi ilimeguka chini ya kifua chake. Harufu ya kale ilipanda, nzito, ya uozo. Fondo aliwasukumia ubao, vibarua wakawashika wale wazee miguu, wakavuta. Kipande kwa kipande Mwero alitoka, buti moja limebaki huko huko, akakaa chini akipangusa tope mguu mtupu.

Fondo alishusha nondo ndefu shimoni. Ilizama yote, wala haikugonga mwamba.

"Choo," Swabir alisema, akihema. "Baba alikichimba mwaka ule wewe ulipoondoka kwenda kwenye malori. Kilipojaa tukakifunika boriti na udongo, mama akapanda migomba juu."

Kila mtu wa hapa hufanya hivyo, na kila aliyekulia hapa akiona mgomba ulionenepa kupita kiasi hujua umesimama juu ya nini. Kibwana aliondoka mdogo, akakulia barabarani.

Tone la kwanza likamdondokea mkononi.

"Tunaweza kuokoa," Fondo alisema haraka. "Tushindilie mawe, nondo niziweke mbili mbili, tumwage. Zege linashika, bwana. Sema sasa hivi."

Kibwana aliliangalia fungu lile. Kisha akaiangalia kona. Hapo ndipo kitanda chake na mkewe Hasina kingekaa.

"Hatumwagi."

"Litaganda lote!"

"Na ligande."

Aligeuka. Taya lilikuwa zito kama limefungwa kwa waya.

"Shikamoo, kaka."

Mvua ilianza kuwapiga. Swabir alijipangusa tope ndevuni.

"Marahaba."

"Kuna mashimo mengine nisiyoyajua?"

"Mawili. Kisima kilichokauka, chini ya ule mpera. Na shimo la chokaa, pale uani." Alinyoosha kidevu kuelekea baraza lake. "Penye mwamba mtupu ni pale mbele tu."

"Mlango wangu utatazamana na wako."

"Utatazamana. Na hiyo redio nitaisikiliza kwa lazima."

Mvua ilipokatika, fungu la zege lilikuwa jiwe. Kuku wa Swabir walishapanda juu yake. Fondo alitoa uzi wa kupimia, akatafuta kibarua wa kumshikia ncha, lakini Swabir alikuwa keshaichukua, amechutama mbele ya baraza lake mwenyewe.

"Vuta," alisema, na safari hii hakumtuma fundi.

Kibwana akavuta.