Bunju wa Jirani

Tangu Saady, bwana mifugo aliyehamishiwa Kibondo kutoka Tanga, apange nyumba ya jirani, mzee Kipriani hakuwa na raha. Kila asubuhi mkewe Herieth alijifunga kitenge kizuri, akashika kikombe cha bati, akatoka.

"Wapi tena, Mama Godson?"

"Kumlisha bunju."

Bunju huyo alikuwa samaki mdogo kama punje ya harage, wa manjano mwenye madoa, akiishi katika tangi la kioo sebuleni kwa Saady. Ni bunju wa maji baridi, si yule wa baharini anayeua walaji. Chakula chake ni konokono wadogo; asipotafuna magamba yao, meno humrefuka hata ashindwe kula. Na konokono walijaa tele katika kidimbwi cha kumwagilia mchicha wa Herieth.

Kipriani alikunywa uji peke yake. Kutoka kwa jirani alimsikia mkewe akicheka. Kwake hakucheka hivyo siku nyingi. Huyo kijana wa pwani na maneno yake laini!

Jumapili, Herieth akiwa kanisani, Kipriani alichukua jembe akabomoa ukingo wa kidimbwi. Maji yakaenda zake.

"Tuone sasa mtachekea nini."

Mchicha ukanyauka. Herieth naye akaanza kuteremka hadi kijitoni Kitahana kutafuta konokono, akirudi jua limewaka. Hapo wivu ukampanda Kipriani kichwani. Akamfuata kwa jirani, akachungulia dirishani, ngumi imekazwa.

Saady hakuwapo, alikwenda kuchanja ng'ombe kijiji cha Kitanga, funguo kamwachia Herieth. Herieth alikuwa peke yake kwenye kigoda, akiongea na tangi.

"Basi mchungaji akasahau mahubiri, akaanza kuuliza nani kaiba miwani yake, na miwani iko kichwani!"

Akacheka mpaka akafuta machozi. Bunju alitulia mbele yake, macho yote mawili yakimwelekea.

Kipriani akalegeza ngumi. Mwanamume mwenzako unaweza kumtolea maneno. Samaki utamwambia nini?

Akakohoa mlangoni.

"Umefuata nini, Baba Godson?"

"Hayo unayomwambia huyo, mbona mimi huniambii?"

"Nilikuwa nakuambia. Unanyoosha mkono, unaongeza sauti ya redio. Huyu nikiingia tu, anageuka kunitazama."

Kesho yake Herieth alimkuta kidimbwini, tope magotini, akiziba ukingo.

"Kumbe ni wewe uliyebomoa!"

"Ni mimi."

Herieth aliguna, akaingia jikoni. Kipriani akanawa, akazima redio, akasogeza kigoda hadi mbele ya mkewe, akamkazia macho.

"Haya, Mama Godson. Mchungaji na miwani, ilikuwaje?"

Herieth aliendelea kuchambua maharage.

"Hiyo nimekwisha kumsimulia bunju."